Tope la Momella

Miaka kumi na moja nafua suruali za wageni
hapa Njiro, hoteli ya ghorofa tatu,
na mlima Meru naujua kwa tope lake:
jeusi la msituni, ling'ang'anialo pindo kama deni;
la kijivu kutoka juu, jivu lisilokubali sabuni;
na lile la kandokando ya maziwa,
likikauka huacha mstari mweupe wa magadi.
Mifukoni nimetoa mbegu, unyoya, tiketi zilizolowa,
mara moja mfupa mdogo, sijui wa mnyama gani.
Naviweka kwenye kopo, naandika namba ya chumba.
Hakuna aliyewahi kurudi kuuliza.

Mwaka huu likizo ilipotoka, siku saba na sahihi,
mama akasema: paa la jiko.
Dada Ndewario akasema: maharage hayajivuni.
Nikawaitikia wote wawili,
na Jumanne, jogoo bado anasafisha koo,
nikapanda gari la Ngarenanyuki, nikashuka langoni.

"Raia?" akauliza wa dirishani.
Raia. Nikatoa kitambulisho,
kile chenye picha ya mtu aliyetoka kuibiwa.
"Peke yako? Umekuja na kampuni gani?"
Kampuni ya miguu yangu.
Akacheka, ila chenji aliihesabu mara mbili.

Askari wa hifadhi aliitwa Lomayani,
bunduki begani kama jembe la mtu atokaye shamba.
Viatu vyangu vilikuwa vya kazini,
kila hatua nikilipiga chapa jina la hoteli
kwenye ardhi isiyomjua meneja wangu.
Uwandani nyati wakanyanyua vichwa,
wakanitazama kama wenye maduka wanaonidai.
"Usikimbie," akasema Lomayani.
Nani anakimbia? nikasema,
na magoti yangu yalikwisha kufika Usa River.

Tululusia maji yanafua jiwe.
Yanapiga, yanasuuza, yanapiga tena,
na jiwe halijatakata, na maji hayajanuna.
Nilikaa pale mpaka chai ya chupa ikapoa.
Nilitaka kuwaza jambo kubwa, maana nimelipia.
Likanijia paa la jiko.
Nikaliacha lipite.

Kushuka, baada ya ule mkuyu wenye tao,
penye mizizi iliyofumana kama vidole vya wanaosali,
niliteleza, nikakaa chini pu!
Juu yangu mbega, joho lake jeusi na jeupe,
mzito kama mchungaji asubuhi ya Pasaka,
akatazama kando kwa heshima.
"Hapa kila mtu huanguka," akasema Lomayani,
akinivuta mkono. "Hata mimi. Hata wakubwa."

Alasiri akanionyesha maziwa.
Heroe walikuwa mbali, waridi hafifu,
rangi ya shuka nyeupe zilizofuliwa na soksi nyekundu,
kosa lililonikata mshahara mwaka wangu wa pili.
Nikalitazama kosa langu, ekari kwa ekari,
likisimama kwa mguu mmoja, likinywa, likiruka,
na hakuna aliyemwita meneja.

Suruali yangu sijaifua. Iko nyuma ya mlango.
Mama ameiona, ameniona, amenyamaza.
Paa tulilipiga bati Ijumaa;
maharage, Ndewario bado ananisema.

Jumatatu, mashine namba mbili, kapu la chumba kumi na nne.
Suruali ya mzee, ndefu kupita kimo cha watu wetu,
pindo jeusi, na nyuma, upande wa kulia,
duara la tope upana wa sahani.
Nikaigeuza. Nikainusa.
Pale penye mizizi.

Nilicheka hadi Eliaichi wa pasi akachungulia.
"Kuna nini humo?"
Huyu, nikamwambia,
nikiishika suruali kama mtu anayemsaidia mwenzake kusimama,
huyu tumeanguka wote.